Kwa mnaoingia kwenye simfoni za Kiromantiki mkiwa na nyuzi za utumbo

Simfoni ya Nne ya Brahms, mtungaji Mjerumani wa karne ya 19, niliyoipiga mara ya kwanza kwa fidla yenye nyuzi za utumbo wa kondoo, kama za zamani, niliipiga vibaya, nami nilikuwa nikidhani naipiga vizuri mno. Nilikuwa nimetoka kwenye miaka minne ya muziki wa Baroki, ule wa zama za Bach. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia kabisa, kidole hakitikisiki wala hakitelezi, upinde mwepesi. Nikamwendea Brahms na usafi ule ule. Siku ya pili ya mazoezi, mama mmoja niliyekaa naye stendi moja, mtu aliyezeeka katika kazi hii, akaninong'oneza wakati wa mapumziko: "Mwanangu, umeshatoa kila kitu. Sasa umetia nini?"

Sikuwa na jibu. Nawaandikia ninyi mliopata mwito wenu wa kwanza kwenye okestra za vyombo vya kale, zinazopiga kwa vyombo na mitindo ya wakati wa mtungaji, mtakaokuta kwenye stendi Schumann, Brahms au Tchaikovsky badala ya Bach, kwa sababu kila mwaka naona vijana wakiingia na dhana niliyoingia nayo mimi: kwamba kupiga kwa kufuata historia ni kupunguza. Watu wachache, vibrato (kuitikisa nota kwa kidole) hakuna, mwendo wa mbio. Kwa Haydn unaweza kuponea hapo. Kwa simfoni za Kiromantiki, za baada ya 1830, huponi.

Hata hilo la watu wachache si kanuni. Brahms aliiongoza Simfoni ya Nne kwa mara ya kwanza Meiningen, tarehe 25 Oktoba 1885, na okestra ile haikufika watu 50. Lakini Mfaransa Berlioz, katika simfoni yake ya 1830, anaandika kwenye partitura, karatasi yenye sehemu za vyombo vyote, kwamba anataka angalau fidla za kwanza 15, za pili 15, viola 10, chelo 11 na besi 9. Hao ni wapiga nyuzi 60 kabla hujahesabu hata tarumbeta moja. Kwa hiyo usiulize "zamani walikuwa wangapi?" Uliza mji gani, mwaka gani, ukumbi gani.

Nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, la kutelezesha kidole.

Mimi fidla niliijulia Unguja, kwenye taarab, na huko kidole kuteleza kutoka nota hadi nota ni sehemu ya kutamka maneno. Fidla inamfuata mwimbaji. Akivuta, nawe unavuta. Nilipokwenda Ulaya kusoma, mwalimu wangu wa kwanza alitumia karibu miaka miwili kuuondoa mtelezo ule mkononi mwangu. Aliuita uchafu. Nami nikamwamini, nikaona haya kwa nilichokuja nacho.

Kisha nikamsikia Joseph Joachim. Huyu ni mpiga fidla, rafiki wa Brahms, ndiye aliyeandikiwa konseto ya fidla ya 1878, kazi ya fidla moja mbele ya okestra. Mwaka 1903, umri wake ukiwa umepita miaka 70, alipiga mbele ya pembe ya kurekodia, na sahani zile zinasikilizika hadi leo. Sauti ni nyembamba, mikwaruzo ni mingi. Lakini fuata kidole chake. Kinateleza wazi wazi. Vibrato ni kidogo sana, inatokea juu ya nota anayotaka uishike, kisha inatoweka. Na kitabu cha mafunzo ya fidla alichokitoa pamoja na Andreas Moser mwaka 1905 kinaonya juu ya kuitikisa kila nota kwa mazoea. Nilikaa kitandani na vile visikilizio masikioni nikahisi kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Kile nilichonyang'anywa kwa jina la usafi ndicho kilichokuwa mkononi mwa mtu aliyekaa chumba kimoja na Brahms.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: kabla hujagusa karatasi yako, sikiliza sahani za zamani. Wa Baroki hawana bahati hiyo, sisi tunayo. Mtafute mwongozaji Arthur Nikisch na okestra ya Berlin Philharmonic, 1913, katika Simfoni ya Tano ya Beethoven. Mtafute mwongozaji Max Fiedler, aliyezaliwa 1859 na kumfahamu Brahms, katika Simfoni ya Nne aliyoirekodi Berlin mwaka 1930. Utashtuka. Usiizime. Sikiliza mara tatu, na mara ya tatu andika penseli mkononi ni wapi wanateleza na wapi wanakaza mwendo.

Halafu jifunze kuteleza kwa adabu yake. Katika shule ya Kijerumani iliyotoka kwa mpiga fidla Louis Spohr, kidole kilichokwisha kukandamiza uzi ndicho kinachosafiri, na kipya kinaangukia nota yake mwishoni. Upinde unapunguzwa uzito safarini. Ukiubana, utatoa mlio wa paka. Tafuta karatasi zilizowekwa namba za vidole na Ferdinand David, aliyeongoza fidla za okestra ya Gewandhaus, Leipzig, kuanzia 1836 na kumfundisha Joachim. Ukiona kidole kile kile kimeandikwa kwa nota mbili zilizo mbali, hapo palitelezwa. Na mkubaliane safu nzima. Mtu mmoja akiteleza peke yake kila mtu atageuka kumtazama. Safu yote ikiteleza pamoja, ukumbi unavuta pumzi.

Wapo wenzangu wazuri wanaokataa. Wanasema msikilizaji wa leo atacheka. Nimepiga hivi mbele ya watu kwa miaka mingi sasa na sijasikia kicheko. Kinachochekesha ni mtelezo wa woga, unaofanywa nusu nusu.

Kuhusu mwendo, msiwe watumwa wa metronomu, kile chombo kinachogonga mapigo. Ni kweli Beethoven alichapisha namba za metronomu za simfoni zake nane mwaka 1817, na namba hizo ziheshimiwe. Lakini Brahms hakuweka namba yoyote kwenye simfoni zake nne. Joachim alipokuwa akijiandaa kuiongoza ya Nne mwanzoni mwa 1886, Brahms alimwandikia kwamba amemtilia kwa penseli mabadiliko kadhaa ya mwendo, yanayofaa okestra inapokuwa bado haijaizoea kazi. Hayakupaswa kuchapishwa. Maana yake, mwendo ulikuwa ukibadilika ndani ya kipande kuliko karatasi inavyoonyesha, na mtungaji alitarajia wapigaji waliokomaa walijue hilo bila kuandikiwa. Unapofika mwanzo wa simfoni ile, zile nota mbili mbili zinazoshuka na kupanda kwenye fidla, usizigonge kama saa ya ukutani. Ile nota ya kwanza kabisa Fiedler anaikalia, kisha anaachia polepole mpaka mwendo unajipata. Jaribu. Ukishaionja huwezi kuisahau.

Mambo ya nyuzi nitayapitia haraka, kwani mtayajifunza kwa maumivu. Uzi wa utumbo wa kondoo haupendi kukandamizwa. Vuta upinde taratibu, karibu kidogo na daraja, uuache uzi useme. Taa za jukwaani na unyevunyevu vitaushusha au kuupandisha, basi sikiliza kila kipande kinapoisha. Ukianza kutoa manyoya, yakate kwa kikata kucha, usiyang'oe. Uzi wa Mi, ule mwembamba wa juu kabisa, ukiwa wa utumbo hukatika, tena usiku wa onyesho. Uwe na wa akiba uliokwisha kuvutwa siku kadhaa kabla, si mpya ndani ya bahasha. Na uliza mapema La, nota ya kulinganishia vyombo, ni mitetemo mingapi kwa sekunde. Ufaransa iliweka mitetemo 435 kisheria mwaka 1859, lakini kila mradi huchagua wake, na nyuzi zinahitaji siku mbili tatu kutulia.

Wapuliziaji wasikilizeni. Honi (pembe ya okestra) isiyo na vali, yaani vitufe vya kubadili nota, hupata baadhi ya nota kwa mkono unaoziba mdomo wake mpana, na nota hizo hutoka zimefifia, zingine zina makali. Brahms alizipenda rangi hizo, akaendelea kuandika kwa kuifikiria honi ya aina ile wakati vali zilikuwa zimeenea tayari. Fidla zikijaza ukumbi kama zinavyojaza kwenye okestra ya kisasa, rangi zile zinakufa. Wakati mwingine kazi yako ni kunyamaza ukiwa unapiga.

La mwisho ni la kiti. Mtakuta fidla za kwanza upande mmoja na za pili upande wa pili, mnatazamana. Wageni wengi huliona hilo kama pambo, na waliowekwa kwenye fidla za pili hunung'unika kwamba wako peke yao, mbali na wenzao. Chukua sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, aliyoiongoza mwenyewe St. Petersburg mwaka 1893, siku tisa kabla ya kufariki. Ipige karatasi yako ya fidla ya pili nyumbani. Haina maana, inaruka ruka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Ya kwanza nayo ukiipiga peke yake ni hivyo hivyo. Wimbo ule wa kuvunja moyo hakuna aliye nao. Nota moja inatoka kushoto, inayofuata kulia, na wimbo unatokea katikati, juu ya vichwa vya viola na chelo.

Wimbo huo unaporudi baadaye, Tchaikovsky anazipa fidla za kwanza wote, mzima. Mkikaa upande mmoja, tofauti hiyo haisikiki. Mkitazamana, unaposikia wenzako wa ng'ambo wameubeba peke yao, nawe uliyekuwa nao nusu kwa nusu mwanzoni huna tena nota ndani yake, utajua kwa nini nakusihi usiombe kuhamishwa kiti.