Mabua ya alizeti yamenishinda, tuyachome?

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mufindi, jirani na msitu wa Sao Hill. Nyuma ya nyumba nilipanda mahindi na alizeti, nikavuna mwishoni mwa Juni. Mabua bado yamesimama. Ya alizeti yamekauka yakawa magumu kama miti. Kijana niliyempa kibarua aling'oa safu mbili tu, mpini wa jembe ukavunjika, akaniaga. Mume wangu anasema tupige kiberiti yaishe. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mpini. Mwambie baba watoto kiberiti kibaki jikoni. Kiangazi hiki nyasi zimekauka kila mahali, upepo wa mchana unavuma, nanyi mmepakana na paini. Cheche moja inatosha kuwatia kijiji kizima hasara. Hata kama msitu usingekuwepo ningekukatalia, maana naitrojeni ya mabua huondoka na moshi, na udongo unabaki uchi hadi mvua zirudi.

Alizeti usiing'oe tena. Kung'oa kulifaa ulipovuna, udongo ukiwa bado na unyevu. Sasa ardhi imeikamata mizizi, kwa hiyo kata. Bua nene kama mkono wa mtoto lishike kwa msumeno mdogo, mengine kwa panga lililonolewa vizuri kwa tupa, vidole vinne juu ya udongo. Kata bapa, usikate mshazari! Nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikafyeka mshazari safu zote. Mjukuu wangu akawa anamkimbiza kuku pekupeku, kisiki kikamwingia unyayoni, na kovu analo mpaka leo. Tangu siku ile nikimaliza safu narudi nyuma na kisogo cha jembe, napondaponda kila ncha. Mizizi iache humo humo. Ikioza huacha matundu ya kupitishia maji, na kisiki chenyewe utakisukuma kwa mguu msimu wa kupanda.

Mahindi ni habari nyingine. Chukua bua moja, lipasue kwa kisu kuanzia chini. Ukikuta njia yenye vumbi kama la mbao na funza amejikunyata, huyo ni bungua. Kiangazi chote hulala mle, sehemu ya chini karibu na mizizi, akingoja mvua. Zikianza hugeuka buu, kisha nondo, na nondo huenda kutaga kwenye mahindi yako machanga. Ndiyo maana kukata bua usawa wa goti hakusaidii, unakuwa umemwachia nyumba yake. Mizizi ya mahindi haina ukaidi wa alizeti, hivyo chimbua kisiki kwa jembe, halafu laza kila kitu chini juani mwezi mzima. Watu wengi huku kwetu huyaegemeza mabua kwenye uzio au huyasimamisha kama kibanda. Ndani ya rundo la namna hiyo bungua anapata kivuli na anapona. Kama mna ng'ombe, mpeni yaliyo mazima ale.

Yaliyokaa juani yakakauka sawasawa tengenezea mboji. Yakatekate urefu wa shibiri, ya alizeti uyaponde kwanza kwa nyundo ili maji yaingie. Weka tabaka la mabua, la samadi, la majani mabichi, mwagia maji, rudia. Kwa baridi ya Mufindi rundo huchelewa kupata joto, kwa hiyo lifunike kwa nyasi na uligeuze kila baada ya wiki tatu. Vipande ambavyo havijaoza ukifika msimu vitie kwenye rundo jipya.

Kabla hujatupia alizeti kwenye rundo, angalia ndani ya bua. Ukiona ukungu mweupe na vipunje vyeusi kama mavi ya panya, huo ni ugonjwa, tena vipunje hivyo hukaa udongoni miaka na kushambulia hata maharage. Bua hilo lisiingie kwenye mboji wala lisiwe mti wa kutambazia maharage. Peleka jikoni ukapikie, hapo kiberiti ruksa.

Na yule kijana mwite tena, safari hii umpe msumeno.