Shangazi, moyo wangu umeanza kuwa mgumu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi nauza matunda hapa Kisenyi, Kampala. Kila asubuhi kuna katoto ka kike kanapita na mtoto mchanga mgongoni kananyoosha mkono, na mimi nilikua nakapa shilingi mia mbili ama ndizi, mpaka siku moja nkaangalia vizuri nkaona kanavuka barabara, kanamkabidhi zile sarafu zote mama mmoja amekaa kivulini, alafu yule mama anakasukuma karudi tena. Hiyo bado sijaisahau, kwenye grupu letu la wasap tukaletewa picha ya mtoto amevimba jicho, saidieni anakufa, tukachanga tukatuma kwa mobail mani, kumbe picha yenyewe ni ya nchi ingine na imezunguka miaka. Sa hivi nikiona mtu analia nageuza uso. Hivi ni mimi nimeharibika? – Mama Z, Kisenyi

JIBU: Marahaba mwanangu. Haujaharibika hata kidogo, umeibiwa, na aliyekuibia anaujua moyo wako vizuri kuliko wewe.

Angalia walivompanga huyo binti. Kwa nini asije yule mama mwenyewe, mzima, ana mikono miwili? Manake kwake ungeuliza maswali. Ila mtoto amebeba mtoto, mkono wako unaingia kwenye mfuko wa aproni kabla akili haijafika, na wao hiyo nafasi ndogo kati ya mkono na akili ndo wanaifanyia biashara. Wengi wa hawa watoto wanatolewa Karamoja, kule kaskazini mashariki mwa Uganda, hasa wilaya ya Napak, njaa na umaskini ndo unawasukuma, na kuna watu wazima wanawachukua kwa ahadi za kazi na shule. Ile mia mbili yako haimtoi barabarani, ndo inamlipia nauli ya kuletwa mwingine. Naandika hivi roho inaniuma, ila ni kweli.

Mwaka 2019 Kampala ilipitisha sheria ndogo ya kulinda watoto, kumpa hela au chakula mtoto wa barabarani ikawa kosa, faini shilingi 40,000 ama jela mpaka miezi sita. Watu walipiga kelele, na mimi sifurahii sheria inayoweza kumfunga mwenye ndizi yake, lakini hiyohiyo inawabana na wakubwa wanaokula kupitia hao watoto, na hapo naiunga mkono mia kwa mia.

Sasa wewe ufanye nini. Usigeuze uso, mwangalie. Muulize jina, muulize kwao wapi, alafu piga 116, hiyo ni laini ya watoto inaitwa Sauti, haikati hela kwa simu yako, eleza umemuona wapi, saa ngapi, na huyo mama anakaa upande gani. Wauza matunda mko wengi hapo, kila mtu akipiga kivyake na maelezo yakafanana, ni vigumu kupuuzwa. Na ile hela ya kila siku wekeni kwenye kikopo kimoja, mwisho wa mwezi mumpe mtu mnayemjua anayesaidia watoto warudi kwao na wakae shule, mtu ambaye mnaweza kwenda kumuuliza zilienda wapi.

Hiyo ya wasap nayo ina mambo yake. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, wa profesa Daniel Batson na wenzake, watu walisimuliwa habari ya binti mgonjwa, wa kutungwa, wakapewa nafasi ya kumrusha mbele ya watoto wengine kwenye foleni ya matibabu. Walioambiwa wavute picha anavojisikia, karibu robo tatu wakamrusha. Walioambiwa waangalie mambo kwa utulivu ni kama theluthi tu. Na kwenye foleni walikuwepo watoto wenye shida kubwa kumzidi, ila hao hawakua na sura. Ona sasa, hao watu hawakua wabaya, huruma yao ilikua ya kweli kabisa, ila aliyeishika ndo aliamua iende wapi.

Kwa hiyo kabla grupu halijatuma hela ulizeni ni hospitali gani, wodi gani, nani anamuuguza, na mtu mmoja aende kama ni hapahapa Mulago, mlipe kwa hospitali moja kwa moja. Mwenye shida ya kweli akiulizwa hivo anashukuru. Tapeli ndo anakuja juu: mtoto anakufa nyie mnauliza maswali!

SWALI: Shangazi mimi ni kijana wa Arua, napigia picha shirika moja kwenye kambi ya wakimbizi. Bosi anataka watoto wanaolia tu, anasema picha za kucheka hazileti hela. Nifanyeje? – Kijana wa kamera

JIBU: Mwanangu, bosi wako kuhusu hela ana ushahidi kiasi. Mwaka 2007 ilitoka kazi ya watafiti wa Marekani, watu walipewa dola 5 wachangie wakitaka. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali anaitwa Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa dola 1.14, na waliopewa Rokia pamoja na takwimu 1.43. Sura moja inavuta, hilo lipo.

Ila sura sio lazima iwe na machozi, Rokia alikua tu na jina na habari yake. Na kumbuka 2012, ile video ya dakika 30 ya Kony, yule kiongozi wa waasi aliyeteka watoto kaskazini mwa Uganda, ilitazamwa mara milioni 100 kwa siku chache tu, dunia nzima inalia, na Kony wakati huo alishatoka Uganda tangu 2006. Ilipoonyeshwa mji wa Lira, huko kaskazini, kwa wenyewe walioumizwa, watu walikasirika mpaka mawe yakarushwa. Walitaka kuona habari zao wenyewe, wakaletewa maisha yao yamekatwakatwa kwa ajili ya watu wa mbali.

Kwa hiyo piga sura moja, sawa, ila mwenyewe akueleze anataka nini, kama ni kisima iandikwe kisima. Kama ni mtoto, ongea na mzazi wake kwanza, kwa lugha anayoielewa, na muonyeshe picha kwenye kamera kabla hujaituma. Akikataa, futa hapohapo anaona. Bosi akikasirika mwambie akupe mwezi mmoja, apeleke za aina zote mbili kwa wafadhili, alafu mkae na hesabu mezani.