Barua kwa mwanangu: umeniuliza ulianza kusema lini

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku ule ule, nikataka kukujibu kwa voisi nikaona haitatosha, bora niandike ili na mkwe wangu asome mwenyewe asije akasimuliwa nusu. Umeniuliza "mama hivi mimi nilianza kusema lini?", maana huyo mjukuu wangu, mume wangu, sasa ana mwaka na miezi 10 na maneno yake ni mama, tata na ile "nga" ya kuomba maji, wakati mtoto wa mpangaji mwenzenu ambaye wamezaliwa karibu karibu ameshaanza kuimba. Ukauliza na kuhusu udata, yani ulimi kushikwa chini na kile kiuzi chake, na huyo wa kazini kwako aliyekutisha na usonji, hiyo wanayoiita autism. Afu chini kabisa ukaandika mstari mmoja tu, kwamba siku hizi simu ya nyumbani ikiita ukiwa kazini unaogopa kuipokea.

Jibu la swali lako ni kwamba ulichelewa. Miaka miwili ilikupita ndo ukaanza kuunganisha maneno, na ulipoanza hukunyamaza tena. Bibi yako mzaa baba alikuwa akisema wanaume wa ukoo ule wote ndo walivyo. Lakini baba angu, naomba usilitumie hilo kujituliza ukakaa. Wewe kuchelewa hakutuambii chochote kuhusu masikio ya mwanao. Ni kweli watoto wengi wanachelewa kidogo na baadae wanakaa sawa, ila wapo wanaochelewa kwa sababu hawasikii vizuri, na hao ukiwatazama hivi hivi huwatambui, maana mtoto anacheka, anacheza, anafuata mikono na nyuso za watu, nyumba nzima mnasema anasikia kumbe anaona tu.

Kwa hiyo kabla ya yote mi nasema masikio. Anzeni pale pale kliniki mnapopima uzito, mseme wazi kwamba hasemi, muombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Muhimbili wapo na wana vipimo vya usikivu vya watoto wadogo kabisa, ambao hata kujibu hawawezi, tena tangu 2017 wanapandikiza vile vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto ambao zamani walikuwa wanapelekwa India. Na CCBRT pale Msasani nao wanahudumia watoto wenye shida za ukuaji, ukiona Muhimbili foleni ndefu ulizia na pale. Ukifika mwambie daktari kwamba alipozaliwa alipata manjano akawekwa kwenye taa, na kwamba kipindi cha masika sikio la kulia lilitoa usaha mkamuwekea matone ya duka la dawa. Usione ni mambo madogo. Manjano yakizidi sana yanaweza kugusa usikivu, na usaha wa mara kwa mara pia.

Wakati mnasubiri siku ya rufaa, muangalieni wenyewe. Subiri awe amekupa mgongo anashughulika na kitu chake, simama hatua chache nyuma umwite jina kwa sauti ya kawaida. Usipige makofi, usikanyage kwa kishindo, kivuli chako kisimpitie, maana hivyo vyote atavijua hata bila masikio. Afu siku nyingine jaribu kwa kunong'ona. Asipogeuka mara moja usianze kulia, mtoto akinogewa na mchezo hata mwenye masikio mazuri hageuki, we andika tu ulichoona ukamuelezee daktari. Na hata akigeuka kila mara bado mpeleke, kuna mtu anasikia mlango ukibamizwa vizuri kabisa ila zile sauti nyembamba kama s na f zinampita, na maneno bila hizo hayaeleweki.

Kuhusu usonji nikwambie nilichokiona kwa macho yangu mlipokuja Idd. Si unajua hapa Kiwalani ndege zinavyopita chini. Nilikuwa nimekaa naye barazani namenya vitunguu, ikapita moja, akainua mkono akanyoosha kidole juu, afu akageuka akaniangalia usoni kuhakikisha na mimi nimeiona. Sikumwambia atazame, yeye ndo alitaka mimi nitazame. Nilipomwambia "ndegeee" akacheka akanyoosha tena kidole wakati ndege yenyewe ishapotea. Hilo la kunyoosha kidole ili mwingine aone ni jambo kubwa kwa umri wake, wataalamu wanaliulizia kabla hata ya maneno. Nilifurahi sana moyoni ila sikukuambia. Mimi sio daktari, siwezi kusema ndo imeisha, na ndege ile hata mwenye masikio mabovu anaisikia, ndo maana nakazania kipimo. Ya kuangalia ni haya: kama akiitwa hageuki kabisa, kama hakutazami usoni, kama haonyeshi kitu wala hapungi mkono wa kwaheri, na zaidi ya yote kama alikuwa na maneno afu yakapotea. Mtoto aliyekuwa anasema afu akaacha hasubiriwi hata wiki.

Na ikitokea wakasema ni usonji, au wakasema hasikii, ni wetu vile vile. Buguruni shule ya viziwi ipo miaka mingi na imesomesha watu wanaojitegemea. Kitakachomuumiza ni kuchelewa kuanza kusaidiwa. Huyo wa kazini anayesema imeletwa na chanjo muache, hilo limechunguzwa kwa watoto wengi mno nchi mbalimbali na halikuonekana. Tena ungefungua kadi ukaangalia kama alipata surua rubela ya pili, ile ya mwaka na nusu, maana watu wengi wakimaliza ya miezi 9 wanaona kliniki imeisha wanaacha kwenda, wakati surua yenyewe ni moja ya vitu vinavyoharibu masikio ya watoto.

Udata sasa. Nimesikia mama mwenye fremu hapo kwenu amemwambia mkwe wangu kuna mzee anakata, dakika mbili imeisha. Asimguse. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, mtu na wembe wake asimguse mjukuu wangu mdomoni, iwe ulimi iwe kimeo. Udata upo kweli, unaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya au baadhi ya herufi zikamshinda baadae, lakini haumfanyi mtoto akose maneno kabisa. Daktari atanyanyua ulimi ataangalia, ukihitaji kukatwa utakatwa hospitali. Huko mtaani watoto wanavuja damu hadi wanaishiwa, wanapata na pepopunda, afu wanarudi na ule ule ukimya.

Wanaosema mkwe wangu aache kumsemesha Kinyakyusa kwa sababu anamchanganya nao wasisikilizwe. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, nusu ya jiji hili tumekua hivyo. Mi ningeanza na hiyo tv. Nikija kwenu asubuhi katuni zinaongea, nikiondoka jioni bado zinaongea, na zile za kigeni mtoto hajui hata mtu mmoja anasema nini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya tv wala simu kabisa, na akifika miwili isizidi saa moja kwa siku. Zima, afu muongee naye. Ukimuogesha taja mguu, taja sabuni, taja maji yamoto yabaridi. Akisema "nga" usikimbilie kumpa kikombe kimya kimya, mwambie "maji, unataka maji", mtazame, msubiri kidogo ajaribu, akijaribu hata vibaya mpe na umfurahie.

Nirudi kwenye simu unayoiogopa, maana mi naona hofu zako hizo mbili ni kitu kimoja. Mtoto asiyesema hawezi kukwambia tumbo linauma, hawezi kukwambia amekunywa nini kwenye ile chupa, hawezi kukutajia nani kamfanya nini. Na kama kweli hasikii vizuri basi bodaboda ikipiga honi nyuma yake hageuki. Mtoto wa namna hii ulinzi wake wote uko mikononi mwenu.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni maji. Huko Kivule maji yakitoka mnajaza kila chombo, nawaelewa, hata mimi najaza, lakini nilipita uani nikaona ndoo zimepangwa ukutani wazi zote, na ile ya kudekia imeachwa mlangoni na maji yake machafu. Mtoto wa umri ule kichwa ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake, akichungulia kwenye ndoo akateleza anaingia kichwa chini miguu juu, hana nguvu ya kujivuta, na hapigi kelele, yani hamna kelele kabisa, dada wa kazi yuko jikoni anakaanga anajua mtoto anacheza. Maji kidogo tu ya kufunika pua na mdomo yanatosha. Kwa hiyo leo hii nunueni ndoo zenye mifuniko ya kubana, ya kudekia ikishatumika imwagwe igeuzwe, mlango wa bafuni uwekwe komeo juu. Na ule mfuniko wa karo uliovunjika pembe msimsubiri mwenye nyumba, tengenezeni, gharama mtaikata kwenye kodi, akikasirika mpe namba yangu.

Jiko la mkaa litoke chini pale koridoni, tafuteni matofali mlinyanyue na msiligeuzie mgongo likiwa na sufuria. Akiungua ni maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20 kwa saa, hamna dawa ya meno, hamna yai, hamna unga. Mafuta ya taa yatoke kwenye chupa ya soda, na ikitokea ameyanywa msimtapishe wala msimpe maziwa, mnakimbia hospitali na chupa yenyewe mkononi. Hayo na dada ayajue kwa moyo, awe na vocha muda wote, na mumsemeshe kwa upole, dada anayegombezwa kila siku akiona mtoto ameanguka anaficha.

Na kuhusu watu. Nani anamuogesha, nani anambeba kumpeleka dukani, analala na nani mkipata wageni, wewe na mkeo mjue, hata kama ni ndugu, tena hasa akiwa ndugu. Akianza kumuogopa mtu fulani ghafla, kulia akivuliwa nguo, kushtuka usiku, hayo ndo maneno yake, yachukueni kama angesema kwa mdomo. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, kupiga ni bure, iandikeni ukutani. Na mshikaki wa bodaboda wa wewe, mama yake na yeye mbele kwenye tenki, hilo nilikwambia Idd na leo narudia.

Nimemwambia mkwe wangu kwenye simu asiinamishe kichwa mbele ya mashangazi. Hakuna alichokula wala kazi aliyoifanya akiwa na mimba iliyomnyamazisha mtoto.

Jumatatu kama wote mna kazi mi naweza kwenda naye kliniki, niachieni kadi na nauli ya bajaji nitawahi mapema. Ila usisubiri Jumatatu kunitumia picha ya ule ukurasa wa chanjo, nitumie leo nione hiyo ya mwaka na nusu ipo au haipo.

Mama yako