Barua kwa mwanangu: klorokwini, kamongo na mwanzo wa ulimwengu

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Marahaba. Huku Kigombe hatujambo, ila baba yako mgongo unamsumbua tangu kusi lianze, na ukimwambia apumzike anakuwa kama umemtukana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mlibishana huko kazini Mwanza. Mwenzako mmoja anadai ukikubali kwamba viumbe hubadilika, hiyo evolusheni au mageuko, umekubali pia kwamba ulimwengu ulijianzisha wenyewe. Wewe ukakosa la kumjibu, ukaniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa muuguzi. Basi nitakujibu kiuuguzi.

Unaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria? Ulikuwa ukijikuna mpaka alfajiri. Nilipoanza kazi zahanati, mtoto alikuwa akinywa dawa ile leo, keshokutwa yuko ufukweni anacheza. Miaka ikaenda, nikaanza kuona mtoto anamaliza dozi vizuri, halafu wiki ya pili anarudishwa na homa ileile. Mama mmoja alinitolea maneno mbele ya foleni nzima, eti nimempa chaki. Sikumlaumu. Lakini dawa ilikuwa nzima. Vimelea ndivyo vilivyokuwa vimebadilika.

Mgonjwa mmoja aweza kuwa na mabilioni ya vimelea vya malaria. Kila kimelea kinapojigawa hunakili jeni zake, na penye kunakili hapakosi makosa, kama ulivyokuwa ukinakili ubaoni huku unachungulia dirishani. Makosa mengi hayana athari, mengine hukiua chenyewe. Yakatokea makosa yaliyokiwezesha kimelea kuitoa klorokwini nje ya kile kifuko kinachosagia damu, kabla haijakidhuru. Pasipo dawa, hilo ni mzigo tu. Penye dawa, wenzake wanakufa, chenyewe kinabaki kinazaa, na kizazi chake kinarithi kosa lilelile. Mbu anasambaza. Hakuna kimelea kilichojifunza kitu wala kilichokusudia kitu. Mwaka 2001 nchi yetu ikaiacha klorokwini, tukaingia SP, dawa nyingine ya malaria, na 2006 ikaja dawa mseto.

Jirani zetu Malawi walikuwa wameiacha mapema, 1993. Baada ya miaka kama 10 hivi, watafiti walipopima, walikuta vimelea vinavyokufa kwa klorokwini vimerudi kujaa. Mzigo usio na faida ulikuwa umevielemea vimelea vilivyokuwa nao, vikazidiwa na vingine. Habari hiyo ndiyo iliyonifungua macho mimi, kwa sababu hata vitabu vya shule vinachora mageuko kama ngazi ya kupanda juu. Hakuna juu. Kuna mahali ulipo, na nani anaacha watoto wengi hapo.

Muda ukiwa mrefu, jambo hilohilo hutenganisha aina na aina. Ulikuwa mdogo wavuvi wa pwani hii walipoanza kuwapata silikanti kwenye majarife, miaka ile ya 2003 na 2004, samaki mzito mwenye mapezi manene kama vikono. Baba yako alisema nyama yake mafuta matupu. Wataalamu walidhani samaki wa kundi hilo walitoweka tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Silikanti ndiye sababu ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa hapa Tanga 2009. Watu husema silikanti hajabadilika kabisa. Si kweli, amebadilika polepole. Wala si babu yetu, ni binamu. Jeni zake zilisomwa zote, matokeo yakatoka 2013, ikaonekana kwamba samaki kamongo, huyohuyo unayemwona sokoni Mwaloni hapo Kirumba, ana undugu wa karibu nasi kuliko silikanti. Mwambie mwenzako hilo kwanza, umwone uso.

Sasa rudi kwenye swali lake. Katika yote niliyoyataja, kuna kitu kinachozaa, watoto wanaorithi, na tofauti baina yao. Kiondoe kuzaa, mageuko hayana pa kuanzia. Ulimwengu haukuzaa ulimwengu mwingine mbele yetu tukaona upi umebaki. Habari ya mwanzo wake ni ya wanafizikia, wanaosoma mwanga wa nyota za mbali na joto dogo lililobaki angani kote. Wao wanauhesabia miaka bilioni 13.8. Mmoja wa waliotangulia kueleza wazo kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo sana ukatanuka alikuwa padri wa Kibelgiji, Georges Lemaître. Kitabu cha Darwin, yule aliyeeleza mageuko, cha 1859 hakikuwa na neno juu ya hayo. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5 tu, kwa hiyo zaidi ya miaka bilioni 9 ilipita hakuna hata udongo huu. Na hicho cha kwanza kilichozaa kilipatikanaje? Hilo nalo ni swali la peke yake, la kemia, na wenyewe bado wanahangaika nalo.

Uhusiano upo, lakini si ule anaoudhani yeye. Unakumbuka vidonge vyekundu vya kuongeza damu, nilivyokuwa nikiwapa wajawazito kliniki? Ndani yake mna madini ya chuma. Mwanzoni kabisa ulimwengu ulikuwa na haidrojeni na heli, basi, na chembechembe za litiamu. Chuma kilipikwa ndani ya nyota, nyota zikalipuka, kikatawanyika, kikaingia katika vumbi lililoifanya dunia. Nyota zimeleta vifaa. Kuzaa na kufa kukavifanyia kazi. Miaka yote ile nilikuwa nikihesabu vidonge kumi kumi kwenye bahasha za kaki, sikuwaza hata siku moja.

Kuhusu nani aliyeanzisha, unajua naelekea wapi mara tano kwa siku. Klorokwini haikunipeleka huko, wala haikunitoa.

Baba yako amenisikia nikisoma barua kwa sauti. Anauliza huyo ndugu yetu kamongo ana miba mingi, na kama anapatikana mkavu, umletee ukija Idi.

Mama yako