Mama Mbio Anajibu: Akili Inakatika Kama Umeme

SWALI: Shikamoo Mama. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nina miaka 41, Kili Marathon, zile kilomita 42, nshakimbia mara tatu na ya mwisho nimetoka na masaa 4 na dakika 31. Asa wenzangu wa klabu wamenijaza upepo twende Comrades kule Afrika Kusini, karibu kilomita 90, nami nikasema poa twende. Mwezi uliopita tukapanga zoezi la kilomita 50, kwenda Himo na kurudi. Wenzangu wakaniacha, nilipofika maeneo ya Uchira, kilomita ya 38, nikakaa chini ya mti, nikaita bodaboda nikarudi zangu nyumbani. Miguu haikuuma kivile Mama, akili tu ndo ilikatika kama umeme. Saa kumi alfajiri nilikunywa chai na chapati mbili, njiani nikawa napiga maji tu. Toka siku hiyo nikiwaza 90 tumbo linacheza. Nifanyeje niwe na moyo mgumu kama wenzangu?

JIBU: Marahaba mwalimu. Umejishtaki, umejihukumu na umejifunga mwenyewe, ila ushahidi umeuandika hapo hapo hukuuona. Chapati mbili saa kumi, halafu masaa matano unakimbia kwa maji! Mwalimu, hapo akili haikukatika, luku iliisha. Ubongo unakula sukari, na ikipungua haukuambii "nina njaa", unakuambia "we huwezi, kaa chini, hizi mbio si zako, hata mkeo alisema". Ile sauti inaongea kwa hekima kabisa utadhani ni babu yako, kumbe tumbo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta moyo mgumu tafuta ndizi. Wakimbiaji wa masafa haya wengi wanalenga gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, ambayo ndizi mbivu mbili za saizi ya kati zinakupeleka karibu na 50. Viazi vya kuchemsha na chumvi navyo safi sana na kule Comrades utavikuta mezani njiani. Anza kula dakika ya 40 ukiwa bado unacheka, usisubiri njaa, manake ukisikia njaa ushachelewa.

Haya, ukishakula bado itabaki hofu ya kweli, na hiyo siidharau. Mi nilikwenda Comrades mara ya kwanza mwaka wa kupanda, yaani ule unaotoka Durban kwenda Pietermaritzburg (mwaka mwingine wanashuka, huwa wanabadilishana), na nilijiandaa kwa maneno. Nilikuwa na sentensi za kujipa moyo nimeandika kwenye daftari zima. Nikapita Cowies Hill, Fields Hill, Botha's Hill, nikapita katikati pale Drummond, halafu kikaja kile kilima cha Inchanga, na hakuna sentensi hata moja niliyoikumbuka. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Akaja mzee mmoja ana namba ya kijani, hiyo wanapewa waliomaliza mara kumi, hakuniambia naweza wala nini, alinishika tu kiwiko akanionyesha nguzo ya umeme mbele yetu. Tukatembea mpaka pale. Akaonyesha nyingine. Ya tatu tukakimbia kidogo, ya nne tukatembea, nikaja kushtuka kilima kimeisha na mzee kashaniacha.

Toka siku hiyo sikimbii kilomita 90, nakimbia nguzo. Na hesabu inaruhusu mwalimu, we unafundisha ila acha nikupigie: muda wa mwisho ni masaa 12, gawa kwa 90 unapata dakika 8 kwa kila kilomita. We Kili umeenda kwa dakika sita na nusu hivi. Kwenye tambarare unaweka akiba, vilima vyote unavitembea kwa nguvu bila aibu, na Comrades kutembea kilima si kushindwa, wapo wanaochukua medali zao kila mwaka na kilima cha Polly Shortts, kile kikubwa cha mwisho ukipanda kwenda Pietermaritzburg, hawajawahi kukikimbia hata hatua kumi. Usije tu ukaweka akiba yote kilomita ishirini za mwanzo kwa sababu ya wimbo na shangwe, wengi wanafia hapo.

Kuna kitu kingine utakipenda, kule kuna mabasi. Si la kupanda! Mkimbiaji mzoefu anabeba kibendera cha muda wake, tuseme masaa 11 au 12, anaitwa dereva, na watu wanajikusanya nyuma yake mamia, yeye ndo anasema sasa tunatembea, sasa tunakimbia, wanaimba Shosholoza huko ndani. Akili yako ikichoka kuamua unamwachia dereva aamue. We mtu wa daladala kabisa, shida iko wapi?

Sasa zoezi lenyewe. Jumamosi moja isiyo na jua kali, usianzie nyumbani. Panda gari mpaka Himo, ukimbie kurudi Moshi, na ukifika kwenye ule mti wa Uchira usimame chini yake, ule ndizi yako, unywe kidogo, uondoke kwa miguu. Basi. Sitaki hata uwahi. Wiki inayofuata kimbia 35 Jumamosi, kisha Jumapili alfajiri uamke ukimbie 20 na miguu ile ile iliyochoka, hapo ndipo utakutana na kilomita ya 70 bila kwenda Durban. Kujiamini kunakaa kwenye kumbukumbu, yaani siku akili ikikuambia huwezi uwe na mahali pa kuijibu kwamba Jumapili ile nilisikia hivi hivi na nikafika. Daftari halikupi hiyo.

Na andika sheria zako nyumbani ukiwa umeshiba, kwa kalamu, kwenye karatasi ya mfukoni. Yangu inasema sijitoi nikiwa kwenye mpando, na sijitoi kabla sijala na kutembea dakika 20. Upande wa pili wa karatasi nimeandika yanayonitoa bila mjadala: maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, mkojo wa rangi ya soda nyeusi, au mguu unaonifanya nichechemee. Hizo si udhaifu, ukiona moja unatoka.

Halafu nikuchekeshe kidogo. Huyo Vic Clapham aliyeanzisha Comrades mwaka 1921, wakaanza watu 34 wakamaliza 16, alitaka kuwakumbuka wanajeshi wenzake wa vita kuu ya kwanza. Na ile miguu alichakaza wapi? Huku kwetu, Afrika Mashariki ya Wajerumani, anasemekana alitembea kama kilomita 2,700 jeshini. Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita hiyo hawajafanyiwa mbio, wamebaki na jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Mi kila nikipanda Polly Shortts nawakumbuka hao.

SWALI: Mama, niko Mombasa, nina mbio za kilomita 50. Rafiki ananiambia nimeze diclofenac kabla ya kuanza ndio nisiogope maumivu. Ni sawa?

JIBU: Hapana dada, tena nasema kwa sauti. Dawa za kundi hilo, diclofenac na ibuprofen, zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na wewe huku unatoka jasho la Mombasa na misuli inamwaga uchafu wake humo humo kwenye figo. Watu wameishia hospitalini kwa hilo. Halafu maumivu ndo mita yako, ukiizima utajuaje ni uchovu au mfupa? Na maji pia usinywe kwa mashindano, kunywa kwa kiu, ukizidisha chumvi ya damu inashuka na hiyo nayo inaua. Kama maumivu yapo kabla hata ya kuanza, muone daktari.

SWALI: Mke wangu anasema hela ya kwenda Comrades inatosha mabati ya nyumba yetu Mbagala. Naogopa nikiahirisha moyo utapoa. Nimwambieje?

JIBU: Mwambie asante. Baba, Comrades ipo toka 1921, imesimama miaka ya vita kuu ya pili na ile miwili ya korona tu, mwakani utaikuta. Masika nayo utayakuta, ila hayo hayasubiri. Ezeka kwanza, na mabati uyabebe mwenyewe begani kutoka barabarani, zoezi hilo.