Mwenye nyumba kalipwa, mi mpangaji naenda wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Napanga chumba kimoja huku bondeni mwaka wa 9 sasa, asubuhi napika vitumbua na chai hapohapo barazani, wateja wangu mafundi wa gereji na wapita njia. Mradi umepita, nyumba ikaandikwa namba, mwenye nyumba akapigwa picha kashika kibao, juzi hela imeingia na sasa katupa wiki 2 tuhame wote vyumba 6. Mi nilishamlipa kodi ya miezi 6 nimekaa miwili tu, nikimuuliza anasema nikaidai serikali. Siku wanaandika watu nilikuwa Manzese kufata mchele, hakuna alieniandika. Ina maana mpangaji hana haki yoyote?
Mpangaji wa bondeni

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Tuanze na hio kodi mana ndo jambo jepesi. Miezi 4 ambayo hujakaa ni hela yako, haina uhusiano wowote na serikali, yeye ndo aliipokea na yeye ndo anashindwa kukupa chumba ulicholipia. Tafuta karatasi ya mkataba au hata meseji ya muamala uliomtumia, nenda nae kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiwa bado mnaonana, akigoma kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usisubiri nyumba ivunjwe, akishahamia Chanika huko utampatia wapi?

Sasa kwenye fidia ndo pagumu, na sitakudanganya. Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, maneno mazuri kabisa, ila ukija kwenye hesabu zenyewe zinafata ukuta sio mtu. Kuna thamani ya ardhi na jengo, kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba hio kwa miezi 36, kuna usafiri wa kubeba mzigo tani 12 ndani ya kilomita 20. Yote hayo yanaishia kwenye akaunti ya mwenye nyumba hata kama yeye mwenyewe halali hapo, na nyie mnaolala hapo familia 6 mnaona tu anabadilisha bodaboda. Mi hili linaniudhi kila nikilisoma. Mji huu nusu yake wapangaji alafu tunafidia kama vile kila mtu ana hati kabatini.

Kitu kimoja watu hawakijui, kanuni za 2001 zinataja pia faida ya biashara inayofanyika kwenye eneo, faida ya mwezi mara miezi 36. Shida ni ushahidi, wanaweza kutaka hadi hesabu zilizokaguliwa, na wewe hesabu yako iko kichwani na kwenye kile kidaftari cha madeni ya mafundi. Hicho kidaftari usikitupe! Kama una kitambulisho cha mjasiriamali au risiti za ushuru weka pamoja.

Alafu uliza swali moja, hela ya mradi inatoka wapi. Kama ni mkopo wa Benki ya Dunia, kama ulivyo ule wa bonde la Msimbazi, masharti yao ni mapana kuliko ya kwetu, mpangaji nae anahesabika kama mtu anaeathirika, hapewi thamani ya nyumba lakini anatakiwa asaidiwe kuhama na kurudisha riziki yake. Kuna tarehe ya mwisho ya kuandikwa, na cha msingi ni kwamba ulikuwa unaishi pale kabla ya hio tarehe, sio kwamba ulikuwa umekaa mlangoni siku wanapita. Kwaiyo chukua barua ya mwenyekiti inayosema unakaa hapo tangu mwaka gani, peleka kwenye kamati ya malalamiko ya mradi, mradi wa namna hio lazima iwepo. Peleka kwa maandishi, baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Ukisema tu kwa mdomo watakuitikia vizuri sana na hutawaona tena.

Ukitafuta chumba usiangalie bei peke yake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, kiwanja unacho, mvua haikufikii, ila kazi iko Kariakoo na magari unaunganisha, wapo waliouza wakarudi mjini. Wewe vitumbua vyako vinaliwa na mafundi wa gereji saa 12 na nusu asubuhi, hao mafundi hawahami na wewe.

SWALI: Nyumba yetu ilithaminiwa miaka 3 iliyopita, kimya mpaka leo. Tuliambiwa tusiendeleze chochote na bati zinavuja. Tufanyeje?
Kijana wa Kipunguni

JIBU: Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 uthamini wa fidia unaishi miaka 2 tu, na wakichelewa zaidi ya miezi 6 riba inaanza kuhesabika. Andikeni barua halmashauri kuomba uthamini upya, kopi kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, mkiwa wengi ni bora zaidi. Kipawa watu walithaminiwa 1997 kwa ajili ya uwanja wa ndege wakaja kulipwa zaidi ya miaka 10 mbele, na katika hio miaka kuna baba mmoja jirani yetu aliweka ndoo 3 sebuleni kila masika kwa sababu aliambiwa asiguse nyumba, watoto wakazoea kulala na ule mlio. Kuongeza chumba kipya msiongeze, hamtalipwa. Ila bati zibeni.