Akaunti kwa jina la nani?

SWALI: Ami, salaam aleikum. Nina duka la leso Biashara Street na stoo ndogo Likoni. Mpwa wangu anataka hesabu zote ziingie kwenye programu ya wingu, ile ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi, nione mzigo wa stoo kwenye simu bila kuvuka feri. Naogopa mtandao kupotea mteja kasimama, na watu kulichungulia daftari langu la madeni. Nikubali?
Mama Leso

JIBU: Waaleikum salaam. Kubali, lakini kwanza niambie: akaunti itafunguliwa kwa barua pepe ya nani?

Mimi yalinifika. Nilikuwa na duka la spea Mwembe Tayari, na kijana wangu wa kaunta akafungua akaunti kwa barua pepe yake, kwa nia njema kabisa. Alipopata kazi Doha akaondoka na nywila. Siku 11 nambembeleza kwa WhatsApp, naye yuko zamu ya usiku, huku nauza plagi na breki kwa bei za kukisia. Fungua kwa jina lako, namba ya uthibitisho ije kwenye simu yako. Mpwa apewe ruhusa ya kuandika mauzo tu. Madeni, yakija kuingia, asiyaone. Programu isiyogawa ruhusa hivyo, iache.

Mtandao, kweli, hupotea. Waya wa intaneti wa TEAMS, unaopita chini ya bahari, unatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini Mei 2024 nyaya nyingine kama huo, za EASSy na Seacom, zilipokatika baharini sote tuliona. Basi siku ya majaribio zima data mbele ya muuzaji wa programu, uza doti moja, kisha washa. Doti ile isipojiandika yenyewe, mpe chai aende zake.

Kuchunguliwa? Wingu ni kompyuta ya mtu mwengine, iliyo mbali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inambana huyo, na wewe pia unayeandika namba za wateja. Muulize utaichukuaje orodha yako yote siku ukihama. Na kama programu inatoa ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, usije ukaandika kila kitu mara mbili.

Anza na stoo ya Likoni peke yake. Kazi kubwa, ambayo mpwa hakukutajia, ni kuhesabu korja (mafungu ya leso) kwa mkono kabla ya kuingiza chochote. Kuhesabu spea zangu kulinilia Jumapili tatu. Daftari la madeni lisiguswe mpaka Idi ipite. Duka likijaa wanunuzi wa leso si wakati wa kujifunza kubonyeza.